Kutunza kaunta ya kwatzi katika jiko la Zanzibar: mwongozo kamili

Si jambo geni tena kuingia nyumba mpya ya Fumba, Kiembe Samaki au Chake Chake ukakuta jikoni kaunta nyeupe ya kwatzi, pahala pa ile meza ya saruji iliyobandikwa tailizi. Fundi akishamaliza kuifunga humwambia mwenye nyumba kwamba hili ni jiwe, halina taabu. Kwa mikwaruzo na kwa maji, amesema kweli. Kwa moto, kwa jua na kwa dawa za kusafishia, hakusema kweli, na huko ndiko kaunta hizi zinakoharibikia.

Kwatzi ya kaunta haichimbwi ardhini ikiwa bapa kama graniti. Hutengenezwa kiwandani, kwa njia iliyoanzishwa na kampuni ya Breton ya Italia: kwatzi husagwa, huchanganywa na resini na rangi, mchanganyiko hushindiliwa na kutikiswa huku hewa ikinyonywa, kisha hutiwa joto mpaka ukakamae. Kwa uzito, takriban asilimia 90 au zaidi kidogo ni jiwe. Iliyobaki ni resini, yaani gundi ya jamii ya plastiki. Jiwe hilo ni gumu kuliko kisu chako, lakini gundi yake siyo. Ukilishika hilo utaweza kuamua mwenyewe hata jambo ambalo sikulitaja hapa: kabla hujaweka, hujamwaga wala hujasugua kitu juu ya kaunta, jiulize kitaifanya nini plastiki.

Hakikisha kwanza kwamba unayo kwatzi

Madukani majina huchanganywa, na marumaru, graniti na kwatzi kila moja ina matunzo yake. Tafuta kipande kilichobaki fundi alipokata tundu la sinki. Kama hukupewa, kidai, kwa sababu ni chako na kitakufaa miaka mingi. Kama hakipo, tumia pembe isiyoonekana nyuma ya bomba.

Tia tone la ndimu, liache dakika 10, ulifute. Marumaru asili yake ni chokaa, kwa hiyo ndimu huila ikaacha doa la ukungu lisilong'aa. Kwatzi haifanyi kitu. Kisha tia maji kidogo pahala pengine, usubiri robo saa. Graniti nyingi ambazo hazikupakwa dawa ya kuziba vinyweleo huyanywa na pahala pale pakageuka peusi kwa muda, ilhali kwatzi haiyanywi. Ndiyo maana kwatzi haihitaji kupakwa dawa hiyo, leo wala baada ya mwaka. Atakayekuuzia, mshukuru na ubaki na fedha zako. Wala usiipake mafuta ya nazi ili ing'ae. Hayapenyi, hukaa juu yakanasa vumbi, na baada ya wiki kaunta inakuwa na utando unaonata.

Kile kipande cha sinki kiweke kabatini. Dawa yoyote mpya ijaribu hapo kabla haijagusa kaunta yenyewe.

Moto ndio adui wa kwanza

Resini huanza kudhurika joto likifika kiasi cha nyuzi 150 za Selsiasi, na kwenye kaunta nyingine hata chini ya hapo joto likikaa muda mrefu. Sasa tazama jiko letu. Mafuta ya kukaangia bajia na kachori yako kati ya nyuzi 170 na 190. Treya inayotoka kwenye oveni iko 180 au 200. Sufuria ya pilau iliyopaliwa makaa chini na juu hupita hapo bila ya shida, na mara nyingi hushuka na kijikaa cha moto kilichong'ang'ania kwenye masizi ya kitako. Kijikaa hicho kimoja, kidogo kuliko punje ya karanga, kinatosha kuacha alama ya hudhurungi ambayo haitatoka kwa sabuni wala kwa dawa, maana si uchafu: gundi imeungua.

Hatari ya pili haionekani palepale. Jiwe likipashwa joto ghafla pahala pamoja, pale hutanuka na pembeni pakabaki vile vile, na mvutano huo huzaa ufa. Ufa hupenda kuanzia kwenye pembe za tundu la sinki au la jiko, kwa sababu hapo jiwe ni jembamba. Ndiyo maana mtu anaweza kuweka sufuria ya moto pahala pamoja mwaka mzima asione kitu, halafu siku moja akasikia mlio.

Kanuni ni nyepesi na haina ubaguzi: chombo kilichotoka motoni hakigusi kaunta. Kwa utekelezaji, fanya hivi.

Weka kituo cha kudumu karibu na jiko, kisiwe kitu cha kutafutwa wakati mikono imeshika sufuria. Kibao kizito cha mbao chenye vijiguu ndicho bora, kwa kuwa hewa hupita chini yake. Kitambaa kilichokunjwa hakitoshi. Hupunguza joto kwa dakika mbili tatu, kisha hulipitisha, na kikiwa na unyevu hulipitisha haraka zaidi. Kitanga cha ukindu kinafaa kwa birika la chai, hakifai kwa sufuria ya makaa. Hiyo ishushe chini kwanza, ifute kitako, ndipo uipandishe juu ya kibao.

Jiko la gesi la mezani la pleti mbili linataka maneno zaidi, maana limo katika nyumba nyingi sana na miguu yake ni mifupi. Ukiweka sufuria ndogo, joto hupanda juu likaondoka. Ukiweka sufuria kubwa ya shughuli, pana kuliko jiko lenyewe, joto hukosa pa kutokea na hurudi chini kwenye kaunta kwa saa zima. Weka mkono juu ya kaunta pembeni mwa jiko baada ya kupika wali wa watu wengi, utanielewa. Dawa yake ni kulipandisha jiko juu ya bamba la chuma au tailizi nene zilizoinuliwa kwa vijiti au vipande vya chuma, hewa ipite katikati. Sufuria ya shughuli yenyewe ipikie nje, chini, kama tulivyozoea. Hakuna kaunta iliyotengenezwa kwa pilau la harusi.

Vyombo vya umeme navyo, kama jiko la wali, sufuria ya presha na kikaangio cha hewa moto, hutoa joto chini au nyuma kwa muda mrefu. Vikalie kibao. Jiko la wali livute mbele kidogo, mvuke wake usipige ukutani na chini ya kabati la juu. Mwezi wa Ramadhani, vyombo vyote vinapofanya kazi kwa pamoja kati ya alasiri na magharibi, ni vyema kila kimoja kiwe na pahala pake panapojulikana na watu wote wa jikoni, wakiwamo watoto wanaosaidia.

Usafi wa kila siku

Maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya maji ya vyombo, na kitambaa laini. Sina kingine cha kuongeza katika vifaa. Katika namna ya kufanya ndipo watu wanapopunja.

1. Ondoa makombo na mchanga kwa kitambaa kikavu. Mchanga wa kwetu una chembe ngumu, na ukiusugua kwa kitambaa kibichi unapunguza mng'ao wa resini.
2. Futa kwa kitambaa chenye sabuni, ukianzia upande safi kuelekea kwenye jiko, ili mafuta usiyatembeze kaunta nzima.
3. Suuza kitambaa katika maji mengine, upite tena mara mbili. Sabuni iliyobaki ndiyo inayofanya kaunta ionekane imechakaa.
4. Kausha. Maji ya visima vya Unguja hupita kwenye mawe ya matumbawe na huja na chokaa. Tone likijikaukia lenyewe huacha duara jeupe, na maduara mia yakikutana nyuma ya bomba yanakuwa ganda.

Dodoki laini halina neno. Stilwaya ina neno kubwa: hukwaruza resini, halafu nyuzi zake hubaki katika unyevu wa bahari zikaota kutu juu ya kaunta nyeupe. Ule upande mgumu wa kijani wa sponji uache kwa ajili ya sufuria.

Kama kuna msaidizi nyumbani, mwonyeshe kwa mkono, mpe na sababu. Mtu aliyezoea kusugua meza ya saruji kwa nguvu anafanya hivyo kwa nia njema, na si haki kumlaumu kwa jambo ambalo hakuambiwa.

Madoa ya jiko letu

Mwongozo mwingi wa kwatzi huandikwa kwa watu ambao doa lao kubwa ni kahawa. Sisi tuna manjano, na tuna hina.

*Manjano.* Urojo uliomwagika ukifutwa ndani ya dakika chache hauachi kitu. Ukilala usiku mzima, rangi ya manjano hushikamana na resini kwa namna ile ile inavyoshika bakuli za plastiki, na kwenye kaunta nyeupe hubaki kivuli cha dhahabu. Osha kwanza kwa sabuni upate kuondoa mafuta, maana manjano hujificha ndani ya mafuta. Kisha changanya bekin soda na maji kidogo mpaka iwe uji mzito, ipake juu ya doa, funika kwa karatasi ya plastiki ili isikauke, uiache nusu saa. Futa kwa kitambaa laini, mzunguko, bila ya kukandamiza. Ikibaki rangi, nunua duka la dawa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, loweshea pamba, iweke juu ya doa dakika 15, kisha suuza sana. Kwa kaunta ya rangi nyeusi au ya kijivu jaribu kwanza kwenye kile kipande cha sinki, kwa sababu peroksaidi hufifisha rangi. Rudia kesho badala ya kuongeza nguvu leo.

Kuna wanaojua kwamba manjano kwenye kanga hutoka kwa kuanikwa juani. Ni kweli, mwanga wa jua huivunja rangi ile. Usijaribu kwa kaunta, nitaeleza kwa nini.

*Hina na piko.* Shughuli nyingi za hina huanzia jikoni, kwa sababu hapo ndipo penye bakuli, ndimu na maji ya moto. Tandika plastiki au gazeti zito kabla ya kukoroga, na wenye kuchora wakae mkekani. Hina ikidondoka, iinue kwa ukingo wa kadi ya plastiki, usiifute, maana kuifuta ni kuitandaza. Kisha sabuni, kisha pamba yenye spiriti. Ikiwa imekaukia, fuata njia ile ya bekin soda na peroksaidi. Piko ina ukali zaidi, kwa kuwa ni rangi ya nywele inayokolea kwa kukutana na hewa. Una dakika, huna masaa. Ukiikuta asubuhi imeshakuwa nyeusi, itapungua tu, na pengine haitatoka yote.

*Wino wa ngisi, chai ya rangi, kahawa, ukwaju.* Sabuni inatosha. Vikikaukia, bekin soda.

*Kutu.* Kopo la maziwa au kisu kilicholala katika maji huacha duara la hudhurungi. Kwa hewa yetu ya chumvi ni kazi ya usiku mmoja. Kamulia ndimu, iache dakika tano mpaka kumi, futa, suuza, kausha. Usinunue dawa kali za kuondolea kutu. Baadhi zina asidi ya haidrofloriki, na hiyo ndiyo asidi inayolila jiwe la kwatzi lenyewe, achilia mbali gundi. Kwa mwili wa mtu ni hatari kubwa: hupenya ngozi bila ya kuuma sana mwanzoni na kudhuru mpaka mfupa.

*Chokaa nyuma ya bomba.* Lainisha kwa kitambaa kilicholoweshwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, dakika tano. Kwangua kwa kadi ya plastiki, suuza. Ganda nene lipe mizunguko kadhaa.

*Alama za kijivu.* Hizi si mikwaruzo. Ni chuma cha sufuria au cha kisu kilichobaki juu ya jiwe, kwa sababu jiwe ndilo gumu. Bekin soda huziondoa.

*Gundi ya stika, kalamu, rangi ya kucha.* Spiriti kwenye pamba, kisha maji. Dawa ya kutolea rangi ya kucha yenye asitoni iweke mbali.

*Mafuta ya karafuu.* Nayataja kwa ajili ya ndugu zetu wa Pemba, ambako kiwanda cha makonyo cha Wawi, kinachotoa mafuta hayo, kipo karibu na chupa ya mafuta haikosekani nyumbani kwa ajili ya jino au kuchua. Ni makali kwa aina nyingi za plastiki. Chupa isikae kaunta, na yakimwagika futa mara moja, uoshe kwa sabuni.

Dawa zinazodhuru

Nathubutu kusema kaunta zinaharibiwa zaidi na kusafishwa kuliko kupikiwa. Jik ni ya kwanza. Ukiimwaga ikakaa juu ya resini huila mng'ao, na kwenye rangi za giza huacha mabaka meupe. Ikidondoka kwa bahati mbaya, suuza kwa maji mengi papo hapo, hapatakuwa na tatizo. Kuifanya ya kila siku ndiyo tatizo. Kiua vijidudu si lazima kila siku: baada ya kuandaa kuku au samaki, osha kwa sabuni, kausha, kisha pangusa kwa spiriti.

Orodha iliyobaki ni fupi: dawa ya kuzibulia mabomba, dawa ya kusafishia oveni, asidi ya vyoo, magadi makali ya kutengenezea sabuni, thina, na dawa ya kubandulia rangi. Mafundi wa rangi hupenda kuweka kopo la thina juu ya kaunta kwa sababu ndipo penye usawa mzuri. Kabla hawajaingia nyumbani, funika kaunta nzima kwa maboksi na plastiki, ubandike kwa tepu. Dawa ya kupuliza mende na sisimizi nayo ina mafuta ya kuyeyushia, kwa hiyo ukipuliza jikoni, osha kaunta kabla hujaweka chakula. Hilo ni kwa afya yako kwanza.

Na jambo moja ambalo halihusu jiwe hata kidogo: Jik haichanganywi na ndimu, siki, wala dawa ya choo. Hutoa gesi ya klorini, na jiko dogo lenye dirisha moja ni pahala pabaya pa kuivuta. Wala peroksaidi usiichanganye na siki.

Kukata, kutwanga, kuvunja nazi

Kata juu ya kibao. Kaunta haitapata jeraha kubwa, kisu ndicho kitakachopoteza makali siku hiyo hiyo.

Vishindo ni habari nyingine. Kwatzi huvumilia uzito uliotulia, haivumilii pigo la kwenye ukingo. Nazi ivunje nje, au uishike mkononi juu ya bakuli kama walivyofanya bibi zetu. Usiipigize kwenye ukingo wa kaunta. Mbuzi ya kukalia haina shida kwa kuwa iko sakafuni, lakini ile ya kisasa ya kufunga kwa skurubu itie vipande viwili vya mbao, juu na chini ya jiwe, ndipo uikaze, na uikaze kwa kiasi. Kinu kikubwa kikae chini. Kijikinu cha thomu na tangawizi kitwangie juu ya taulo lililokunjwa, karibu na ukuta ambako kabati linabeba, wala si juu ya tundu la mashine ya kufulia ambako chini ni patupu. Pweza wa kupigwa apigwe nje.

Hakuna mtu kupanda juu ya kaunta kufunga pazia wala kubadilisha taa, hasa mbele na nyuma ya sinki ambako jiwe limebaki ukanda mwembamba. Pahala ambapo kaunta imetokeza hewani kwa ajili ya kulia chakula, kama imezidi kiasi cha sentimita 25 bila ya chuma cha kuishikilia chini, mwite fundi aongeze. Jiwe la milimita 20 lina uzito wa karibu kilo 48 kwa mita moja ya mraba, na hapo bado watoto hawajaegemea.

Jua

Miale ya jua hugeuza resini kuwa ya njano na kufifisha rangi, na hali hiyo hairudi nyuma. Kwa jiko la ndani lenye dirisha la magharibi, pazia jepesi saa za alasiri linatosha. Kwa jiko la nje, la barazani au la juu ya dari, na kwa baa za ufukweni kama za Nungwi na Paje, ushauri wangu ni kutoweka kwatzi ya kawaida kabisa. Weka graniti. Kama imeshawekwa, jenga kivuli, na usiache mkeka au kibao pahala pamoja miezi mingi, maana utakapokiondoa utakuta umbo lake limechorwa.

Kaunta imefifia: ni utando au ni jeraha?

Kabla hujaita fundi wa kung'arisha, fanya jaribio hili. Chagua eneo la ukubwa wa kiganja, lipanguse kwa spiriti na kitambaa cheupe, kausha, kisha liinamie ulitazame kwa ubavu, mwanga ukitokea dirishani. Ikiwa pameng'aa kuliko pembeni na kitambaa kimechafuka, ulichokuwa ukikiona ni sabuni na mafuta ya miezi. Osha kaunta nzima kwa maji ya uvuguvugu yenye siki kidogo, suuza mara mbili, kausha. Ikiwa hapakubadilika kitu, resini yenyewe imeliwa, na hapo anahitajika mtu mwenye vifaa vya kung'arisha kwatzi. Grinda na diski ya graniti isiyotiwa maji itaichoma na kuacha kiraka.

Maungio na unyevu wa masika

Kaunta haiozi, kilicho chini yake huoza. Makabati mengi ni ya mbao za unga zilizoshindiliwa, na maji yakipita kwenye ungio la sinki huvimba yakafumuka. Kila mwanzo wa masika, kabla mvua za Machi hadi Mei hazijashika, pitisha kidole kwenye silikoni yote kuzunguka sinki na ukutani. Ikiwa imebanduka, imepasuka, au imejaa kuvu mweusi usiotoka kwa sabuni, ibadilishe. Kazi ni ya nusu siku na haihitaji fundi.

1. Kata silikoni ya zamani kwa wembe mpya ulioulaza, juu na chini, uivute kama uzi. Mabaki yaondoe kwa plastiki ngumu.
2. Futa pahala pote kwa spiriti, uache pakauke kabisa. Siku ya jua na feni ikiwaka ni bora kuliko siku ya manyunyu.
3. Bandika tepu ya karatasi pande mbili za ungio, uache uwazi wa milimita nne au tano.
4. Tumia silikoni ya kuzuia kuvu, ya aina isiyotoa harufu ya siki. Imimine kwa mwendo mmoja, bila ya kusita.
5. Ilainishe kwa kidole kilicholoweshwa maji ya sabuni, uondoe tepu papo hapo kabla haijashika ngozi.
6. Usilowanishe kwa saa 24.

Pakimeguka, na fundi akija na grinda

Kipande kidogo kikimeguka ukingoni, kitafute ukihifadhi, kwa kuwa rangi yake ndiyo inayolingana. Safisha pande zote mbili kwa spiriti, kausha, gandisha kwa supaglu nyepesi ya majimaji, shikilia dakika moja. Iliyozidi iache ikauke, kisha ikwangue kwa wembe uliolala. Shimo lisilo na kipande lijazwe epoksi iliyotiwa rangi, na hiyo ni afadhali aifanye mtu aliyezoea. Ufa unaotoka kwenye pembe ya sinki usiujaze tu. Tafuta kwanza kwa nini umetokea: kabati limeshuka, sinki linaning'inia, au kuna joto.

Nimeacha mwisho jambo lililo zito kuliko yote. Vumbi la kwatzi ni vumbi la silika, yaani madini yanayoiunda kwatzi yenyewe, na jiwe hili lina silika nyingi kuliko marumaru na kuliko graniti. Likivutwa huingia ndani kabisa ya mapafu na kusababisha silikosisi, maradhi yasiyo na tiba. Vijana wengi waliofanya kazi ya kukata mawe haya wameugua katika nchi mbalimbali, na Australia ilifika hadi kuyapiga marufuku kuanzia Julai 1, 2024. Kaunta iliyofungwa na kutulia haina madhara yoyote kwa wanaoipikia. Madhara yapo pale inapokatwa, inapotobolewa na inaposuguliwa ikiwa kavu.

Kwa hiyo fundi akija kupanua tundu la sinki au kutoboa la bomba la pili, usikubali akate kwa grinda kavu jikoni, hata akisema ni dakika mbili na amejifunga shuka usoni. Shuka na barakoa ya kitambaa hazizuii vumbi hilo. Apewe barakoa ya N95 au ya daraja la juu zaidi iliyombana vizuri, na kijana wake apewe yake. Mtu wa pili amwagie maji kwenye diski muda wote kwa chupa iliyotobolewa kifuniko, vifaa vya umeme viwe vya aina inayofaa kutumika na maji, na waya wake uchomekwe kwenye soketi yenye kinga ya kukata umeme. Kama kipande kinaweza kutolewa, kazi ifanyiwe nje, watoto wawe mbali, na vyakula vifunikwe. Wakimaliza, pasifagiliwe. Tope lifutwe likiwa bado bichi, vitambaa vitiwe ndani ya mfuko ufungwe, na nguo za fundi zioshwe peke yake, zisikung'utwe uani.